Benchi la Nyuma

Tangu utotoni Eliwaza, binti wa mchungaji, alikaa benchi la mbele, waumini wakimpima hadi urefu wa sketi yake. Jumapili hiyo baba yake alitangaza kwamba Ndeshi, rafiki wa Eliwaza, ametengwa na kanisa kwa kupata mimba, akamwamuru akakae nyuma peke yake.

Eliwaza akasimama.

"Kaa chini, mwanangu, unamwaibisha baba yako," mama yake akamnong'oneza.

"Nisamehe, mama. Siwezi."

Akapita katikati ya kanisa, akaketi kando ya Ndeshi na kumshika mkono. Kule mimbarini baba yake aliikatisha ibada. Akavua miwani, akawatazama wale wasichana wawili, kisha akaanza kushuka ngazi kwenda kuketi nao.