Zipora, M.

Mama Zipora alilifungua jarida la tiba lililofika kutoka Uingereza, akakuta utafiti wake wa ugonjwa wa vikope umetajwa mara tatu katika makala ya wataalamu wakubwa. Kisha akalisoma jina la mtafiti: Zipora, M.

Mwenye jina, mwanawe mdogo, alikuwa mapajani mwake anakula zabibu. Kidole chake kilikuwa kimeshaacha doa la maji kando ya jina lile.

"Ni kosa langu, dada," karani wa ofisi akasema kwa aibu. "Nilipopiga chapa makala yako niliandika Mama Zipora, kama tunavyokuita. Wao wakadhani Mama ni jina la kwanza."

Mkurugenzi wao, aliyekuwa akisikiliza, alivua miwani. Kesho yake kamati ya kupandisha vyeo ingekaa, na Mama Zipora hakuwa na makala nyingine.

Kwa ajili ya utafiti huo alikuwa amezunguka wilaya ya Chemba nyumba kwa nyumba akipindua kope za watoto, wake mwenyewe mgongoni. Sasa machozi yalimlenga, lakini kicheko kikayatangulia.

"Mwanangu ametajwa na maprofesa, na hata kunawa uso hataki."

"Usifanye mzaha," mkurugenzi akasema. "Vyeti vyako vina jina lingine kabisa. Kamati itaaminije kwamba Zipora ni wewe?"

"Nitaleta shahidi, mzee."

"Shahidi gani atakayekubalika, Mama Zipora?"

Karani akaingiza karatasi mpya kwenye taipureta.

"Rudia hapo mwishoni ulipomwita jina, mzee," akasema. "Polepole, naandika."