Vidole Viwili

Gari la mdogo wa fundi lilivutwa hadi gereji likiwa limepondeka mbele. Fundi alipiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya tairi, akaigusa paipu ya breki. Tairi ilikuwa imeisaga hadi ikatoboka.

Ni yeye aliyezikata springi ili gari likae chini. Kisha akapima nafasi kati ya tairi na bodi. Vidole viwili vikapita vizuri, akaridhika. Siku hiyo gari lilikuwa tupu.

Jumamosi mdogo wake alipakia mke, watoto watatu na mizigo, gari likashuka hadi kwenye tairi.

"Umeona nini, mwanangu?" aliuliza mama yao, ametoka mochwari kumtambua mwanawe mdogo.

"Breki zilikatika, mama."

"Jamani! Laiti angelileta kwako kwanza."