Ruhusa ya Shimo la Feruzi

Delmar alipoona vumbi likipanda kutoka bondeni, alifunika ukuta wa shimo la mgodi kwa turubai, akakokota kiti chake cha kukunja hadi mlangoni, akakaa kama mtu aliyezaliwa juu ya kiti hicho.

Nyuma ya turubai kulikuwa na mshipa wa feruzi, jiwe la thamani, buluu kama anga la Nevada baada ya mvua, mnene kama mkono wa mtoto. Wachimbaji wa kale waliupita bila kuuona, wakafa maskini. Delmar aliufikia kwa nyundo na patasi, mgongo ukimlilia. Jicho moja tu la mwokota mawe mwingine, na kesho yake jangwa zima lingejaa pikapu.

Gari likasimama. Akashuka mzee mrefu, mwembamba, polepole, akishikilia mlango. Kofia imefifia kwa jua, ndoo mkononi.

"Habari za jua, mzee mwenzangu?"

"Jua halina habari. Umemwomba nani ruhusa?"

"Nimempigia simu mwenye shimo. Kasema nije tu."

Delmar alitafuna nyama yake kavu taratibu. Uongo wa huyu ulikuwa mkavu kuliko ile nyama.

"Ehee. Na sauti yake ikoje, huyo mwenye shimo?"

"Nzito nzito hivi."

"Nzito! Na jina lake?"

Mgeni akakuna shingo. "Jina... limenitoka."

"Limekutoka, au halijawahi kukuingia?" Delmar akacheka puani. "Nisikilize, bwana mkubwa. Mashimo haya unayaona yatima, lakini yana baba zao. Mtu mwenye adabu anaanzia ofisi ya wilaya, anauliza eneo limeandikishwa kwa jina la nani. Halafu anapiga simu, anabembeleza, anaambiwa njoo au usije. Habebi ndoo tu kama anakwenda kuchuma nyanya!"

"Umenishika," mgeni akasema, akitazama viatu vyake. "Sikumpigia mtu."

"Nilijua! Uso wako ulisema kabla ya mdomo."

"Basi nichungulie tu, mzee. Nimetoka mbali. Ndoo naiacha hapa hapa."

Delmar alitaka kukataa. Lakini mtu aliyechimba feruzi peke yake, bila wa kumsifia, ana njaa ambayo nyama kavu haiimalizi. Wakaingia. Kabla taa haijawashwa, mgeni aliinama gizani chini ya boriti iliyolegea, boriti ile ile iliyokwisha kumpasua Delmar paji la uso mara mbili.

"We, ulishawahi kufika humu?" Delmar akauliza kwa ukali.

"Mtu mrefu huinama hata kanisani."

Jibu lilikuwa zuri mno, na Delmar hakulipenda. Alimmulika mikono, akammulika mifuko. Hakuona kitu. Majivuno yakamshinda, akainua pembe ya turubai.

Mgeni alisahau kupumua. "Mama yangu! Nani kaupata huu?"

"Nani mwingine? Mikono hii. Tangu theluji iyeyuke niko humu."

"Peke yako? Hakuna mwenzio anayejua?"

Nyundo ilikuwa karibu. Delmar akaishika. "Unauliza ya nini?"

"Naogopa tu. Usije ukafukiwa humu, wasijue wa kwenu pa kukutafuta."

"Toka. Tangulia wewe, mbele yangu. Na ukirudi bila ruhusa, namwita sherifu mimi mwenyewe."

"Ni haki," mgeni akasema kwa upole, akaokota ndoo yake.

Delmar alisimama mlangoni, nyundo begani, mpaka gari lilipozama nyuma ya kilima. Ndipo akakimbia ndani, akang'oa turubai, akaanza kuuvunja mshipa kwa pupa na kujaza magunia. Hapakuwa tena na nafasi ya kuchagua mawe. Watu wa baa walikuwa wamemwambia kwamba mwenye shimo yuko mjini Reno, anauguza nyonga, wala harudi kabla ya majani kupukutika. Lakini kizee kile kilikuwa na mdomo, na mdomo hufika Reno upesi kuliko gari. Kabla jua halijatua, Delmar alitaka awe amekwisha kuvuka mpaka wa jimbo.

Kule bondeni, mzee mwembamba alishuka garini, akalivuta lango la pekee la barabara ile, akalifunga kwa mnyororo na kufuli, kisha akampigia simu sherifu.

"Hapana, usije mbio," akamwambia. "Mwache kwanza amalize kunichimbia."