Kipimo cha Kiganja

Krismasi ikikaribia, mlinzi wa ghala huja kwangu nimshonee gauni binti yake, anayelelewa mbali kwa mama yake. Vipimo hana. Huweka tu kiganja kwenye mwili wake mwenyewe.

"Ananifikia hapa," alisema leo, kiganja kifuani.

"Si hapo hapo pa mwaka jana, mzee wangu?" nikamtania. "Huyo mtoto hakui?"

Hakucheka. Akabaki anakitazama kiganja chake.

Kwenye benchi alikuwepo msichana mgeni, amekaa tangu asubuhi bila kusema shida yake. Nikamwona anavua viatu. Akaja peku, akasimama wima kando ya mlinzi, akakishika kile kiganja na kukipandisha taratibu mpaka usawa wa sikio la mzee.

"Ni hapa, baba," akasema. "Bila viatu."