Ami za Nyuma

Fundi Mdoe aliteremsha jeki, akajifuta grisi kwa tambara. "Haya mzee, ami mpya hizo za kushika magurudumu ya nyuma, ngumu kuliko zile ulizokuja nazo. Ukate kona upendavyo, gari halitatikisa mkia tena."

Mzee Akilimali alilitazama gari lake jekundu la milango miwili, ambalo majirani husema ni la vijana. Kwa miaka miwili lilikuwa likigonga nyuma kila shimo, naye aliuzoea mlio ule kama mtu wa kuongea naye njiani.

"Za zamani ziko wapi?"

"Nimekuwekea kwenye kiti cha abiria, pale mbele. Mteja haondoki kwangu bila spea zake za zamani, asije akasema sikubadilisha. Ila ni vyuma chakavu tu, mzee."

Kwenye tuta la kwanza Akilimali alikaza shingo kusubiri mlio ule. Kimya. Tuta la pili, kimya vilevile.

Alipoingia barabara kuu na kuongeza mwendo, kengele ikaanza kulia na taa nyekundu ikawaka mbele yake: abiria hajafunga mkanda. Uzito wa vile vyuma ulikuwa umelidanganya gari. Taa ile hakuwa ameiona tangu alipomzika mkewe, Stamili.

Aliunyoosha mkono kuufunga mkanda, kisha akaurudisha kwenye usukani.

"Wewe mwanamke," akasema, "kila siku mpaka uambiwe."

Akaipita kona ya nyumbani kwake bila kukata, kengele ikiendelea kulia.