Kilele cha Pili

Nilisikia mlio mdogo, ta-ta-ta, nikadhani ni pampu ya mtambo wa kupimia.

Kaka Gi-tae alikaa karibu yangu akiikodolea macho skrini. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na katika maabara yetu hakuna aliyekuwa na mkono mtulivu kama wake. Ndani ya chupa iliyofungwa, alikuwa ameunga minyororo miwili ya molekuli za plastiki iwe mmoja. Ikiungana, mtambo huchora kilele kimoja kwenye skrini. Mkono ukiteleza, hewa ikaingia chupani, haiungani, na vilele hutoka viwili.

"Kikitoka kimoja, tambi nyeusi za mchuzi wa soya unanunua wewe," alisema.

"Na vikitoka viwili?"

"Mdogo wangu, mimi na viwili tumejuana lini?"

Kilele kikapanda, kikashuka. Akaanza kutabasamu. Kisha mstari ukapanda tena, taratibu.

Nikazima pampu. Mlio ukaendelea.

Ilikuwa pete yake ikigonga mguu wa meza. Mkono wake wa kulia ulitetemeka, ingawa alikuwa ameubana kwa wa kushoto.

"Tangu lini, kaka?"

"Tangu theluji ilipoanza. Nilidhani chupa haitajua."

Nikashindwa kumtazama.

"Kesho tunaanza upya," nikamwambia. "Wewe utasema, mimi nitashika. Sitaifungua chupa mpaka uniambie."