Liwa Kwenye Tairi

Habari yenyewe ilimfikia Mwanakuu arusini Kibokoni, wanawake wanapakana hina. Ati kuna dereva alifunga rimu pana kwenye gari lake, tairi likawa lakwaruza madigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Likaliwa kidogo kidogo, hata pale Makupa likapasuka, gari likapinduka. Alipouliza ni mtoto wa nani, mmoja alisema wa Tudor, mwengine akasema wa Changamwe, mwengine hakumbuki. Mwanakuu hakupata jina, lakini tangu saa ile chakula hakikumshuka kooni.

Kwa sababu wiki ile ile mwanawe Akil, dereva wa teksi, alikuwa amenunua rimu nne pana za alumini kwa baharia mmoja Kilindini. Zang'aa kama sufuria mpya. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, na rimu kama zile hazikuwa nyingi mjini. Zile zake za chuma zilikuwa bado zazunguka, na mama mtu hakuona kwa nini zibadilishwe. Alimwambia ni urembo tu. Akil alicheka, hakubisha.

Huyu ndiye mwanawe wa pekee, na babake alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Mwanakuu alimshikilia mpaka akatoa ahadi: rimu zipimwe kwanza, na zikigusa popote, hata kwa upana wa unywele, azitoe siku ile ile arudishe za chuma. Akil akaapa.

Fundi Kitsao wa Mwembe Tayari alikuwa na njia yake ya kupima. Wengine walipaka tairi chaki, yeye alisema chaki hupukutika. Yeye hutumia liwa, ule unga wa msandali wanaojipaka wanawake usoni. Hiyo hushika ikakauka. Unaipaka ukingoni mwa tairi, unapakia gari watu, unapita mashimoni, unakata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Gari likirudi na liwa yake nzima, hakuna kinachogusa. Mwanakuu aliisaga mwenyewe kwa marashi, akaja nayo kwa bakuli.

Wanagereji waliacha kazi zao kutazama. Mmoja akauliza bwana arusi ataingia lini, maana biharusi amekwisha pambwa. Fundi alitaka uzito kiti cha nyuma, basi akapakia gunia la mchele, Mwanakuu, na wifi yake Zubeida, mwanamke mwenye mwili wake. Zubeida akauliza kama rimu hizo zitamuweza.

"Bibi," Fundi akasema, "wewe ndiwe kipimo chenyewe."

Akil akaendesha, Fundi kando yake. Kila shimo Mwanakuu alitega sikio. Zubeida akamwambia asikie mwenyewe, kimya. Mwanakuu akajibu kwamba huyo wa Makupa labda naye hakusikia kitu.

Waliporudi gereji, adhana ya alasiri ilikuwa yaadhiniwa. Akil akavuka kwenda msikitini. Fundi akaingia ndani kutafuta tochi. Zubeida akabaki kitini akijipepea. Mwanakuu akashuka kunyoosha miguu, kiatu kikamvuka karibu na gurudumu la mbele la kulia, akainama kukivaa.

Fundi alimulika magurudumu moja moja. Matatu yalikuwa na liwa nzima. Kwenye la nne, la mbele kulia, alichuchumaa kwa muda.

"Hapa imefutika," akasema. "Upana wa kidole."

Akamulika ndani ya madigadi, akapitisha mkono. Ukatoka na vumbi tu.

"Lakini bati halina kitu. Hiyo liwa imekwenda wapi?"

Akil alikuwa amesharudi. Alimtazama mamake, amejikunyata ndani ya buibui, macho yamejaa machozi.

"Imefutika, haikufutika?" Mwanakuu akauliza.

"Imefutika, mama."

"Basi. Uliniapia."

Fundi Kitsao akafungua kinywa kusema neno. Akil akamtikisia kichwa. Zile za chuma zikarudishwa kabla ya magharibi, na siku hiyo Mwanakuu alikula wali wake wote.

Siku ya tatu, asubuhi, Akil alikuwa yuatoka Kilindini peke yake. Rimu ya mbele ya kulia ikakatika vipande viwili, gari likaingia ukutani. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Hospitalini alimshika mamake mkono akamweleza. Rimu ile ya chuma ilikuwa na ufa tangu mwezi wa Rajabu. Fundi Kitsao aliichomelea mara mbili, akamwambia ya tatu haiwezekani. Ndiyo sababu akanunua zile za alumini. Hakumwambia mamake kwa kuwa alijua hatalala. Na baada ya kuapa, aliona ataivumilia ile mbovu siku chache mpaka apate nyingine.

"Lakini zile pana zingeniua kabisa, mama," akasema. "Liwa yako iliniokoa."

Mwanakuu akamvutia shuka, akamfunika.

Wenye watoto madereva, yaepukeni haya:

Kufunga rimu pana bila kuzipima gari likiwa limepakia.

Kutembelea rimu iliyochomelewa, hata kwa siku moja.

Kumficha mama ufa kwa kumhurumia.

Kushika habari ambayo mwenyewe hana jina.

Na mama, fundi akiwa ndani na mwana msikitini, kuinama kama anayevaa kiatu, akapitisha kidole gumba juu ya liwa, kisha akakifuta ndani ya buibui.